Nyani Aliyevaa Miwani

Ukunda,
Jumapili, 7 Novemba 1999

Mpwa wangu mpendwa Mumbe,

Pokea salamu zangu huko Machakos, wewe na wenzako wote mnaojifunza uuguzi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na ile baridi unayoilalamikia haijakuingia kifuani. Shikamoo yako niliipokea nikiwa nimesimama, na marahaba yake ndiyo hii. Mimi ni mzima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo hujua habari za mvua kabla ya watabiri wa redioni, nalo wiki hii linasema vuli imekaribia.

Kabla sijafika mbali, ni haki yako ujue unaandikiwa na mtu wa namna gani siku hizi. Mjomba wako Muthoka sasa anasomwa katika nchi kumi na nne. Sikuongeza hata moja. Owen alizihesabu mbele yangu, na Uswisi tumeihesabu mara moja tu ingawa wasomaji wake ni wawili. Kuna mama mmoja wa Norwe ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hanywi kahawa ya asubuhi kabla hajatazama kama nimeleta jambo jipya. Hapa hotelini, meneja akinipita bustanini hupunguza mwendo. Wengine wanasema ni kwa sababu njia ile ina utelezi. Mimi najua sababu.

Kilichonipa jina kubwa hivyo ni kisa cha nyani wa Shimba Hills, yule aliyeingia nyumbani kwa mama yako, akachukua miwani iliyokuwa juu ya Biblia, kisha akaonekana ukingoni mwa msitu ameivaa, anapekuapekua jani la mgomba kama mtu anayetafuta Zaburi. Katika barua yako umeniuliza kama kisa hicho ni cha kweli, kwa kuwa mama yako anakishikilia na majirani wanamcheka. Nitakujibu, mwanangu. Lakini kila neno lina mlango wake, na mimi sitaki kuingilia dirishani.

Mlango wenyewe ni Owen. Huyu ni kijana kutoka Kisumu aliyefungua duka la kompyuta hapa Ukunda, nyuma ya studio ya picha. Wageni wamepungua tangu miaka miwili iliyopita, hoteli zimelala, na mchana wa Jumapili duka lake huwa halina mtu. Basi akatuambia sisi watatu tupendao kuandika kama yeye tuwe tunakuja saa nane, tumsaidie kufagia na kufuta vumbi, halafu mashine ni yetu mpaka jua lipungue. Mumbe, sijui huko chuoni mmeonyeshwa vitu hivi. Mashine hutafuta njia kupitia waya wa simu, inalia kama chura, kisha kama nyenje wengi, kisha kimya. Katika kimya kile ukurasa unateremka kwenye kioo kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi na taa mkononi. Pazia la Owen ni la buluu, na chumba chote huwa buluu. Nje unasikia kuku na mtu mmoja anayepiga msumari mbali sana. Mara nyingi nimekaa pale nikahisi kuwa duka limeng'oka chini na sisi wanne tunaelea, hatuko Ukunda wala pengine popote, na huko mbele kuna watu wamekaa katika theluji wakingoja tuwaambie neno.

Kila mmoja wetu ana ukurasa wake. Chini ya ukurasa kuna namba inayohesabu wageni waliopita, na kitabu cha wageni ambamo msomaji huandika aliyoyaona. Milcah, anayetandika vitanda hotelini kwetu, aliandika visa vya vitu ambavyo wageni husahau vyumbani. Meno ya bandia, mguu mmoja wa soksi, barua ya talaka, kobe. Mwalimu Dzombo wa Kinondo, mstaafu mwenye ulimi kama wembe, aliandika habari za wanafunzi wake wa zamani. Owen aliandika mashairi ya mapenzi kwa msichana ambaye, nikimwelewa vizuri, bado hajakutana naye. Mimi nilisimulia mambo yangu ya kweli, kama vile siku niliyowapanga ndovu foleni, na Owen akanichapia, maana mwenyekiti, cheo nitakachokueleza mbele, hachapi.

Mwezi wa kwanza Milcah alipata wageni saba. Sita walikuwa ni Owen mwenyewe akijaribu kama mlango unafunguka. Milcah akasema labda maneno yetu yanaanguka kisimani. Dzombo akasema afadhali kisima, kina mwangwi.

Hapo ndipo kichwa cha mjomba wako kilipofanya kazi. Niliwauliza: kwetu Wakamba, mtu akiwa na ekari mbili za magugu na mikono miwili, hufanya nini? Huita mwethya. Leo majirani wote wanalima kwako, wiki ijayo wanalima kwangu, na hakuna shamba linaloachwa. Dzombo akasema hata kwao Wadigo jambo hilo lipo, jina tu ndilo tofauti, na kwamba kwa mara ya kwanza amenisikia nikisema kitu ambacho kingeweza kuwa kweli. Tukakubaliana. Jumapili moja shamba la Milcah, ya pili la Dzombo, ya tatu la Owen, ya nne langu. Siku ya shamba lako, wenzako wote wanausoma ukurasa wako tangu juu hadi chini, wanaandika katika kitabu chako cha wageni wapi pamewashika, na chini ya kurasa zao wanafungua njia ya kuja kwako: ukimaliza hapa, msomaji, pita kwa jirani yangu. Nami nikachaguliwa mwenyekiti, kwa kura yangu na ya Owen.

Basi wasomaji wakaanza kuja, mwanangu, kama siafu waliosikia sukari. Milcah alikuwa akiandika anwani ya ukurasa wetu kwenye kikaratasi na kukiweka juu ya mto, pembeni ya ua jekundu ambalo hotelini huwekewa wageni. Ua lenyewe lilikuwa la bustani yangu, kwa hiyo hata hapo mimi nipo. Wanafunzi wa Dzombo walioko Muscat wakaambiana. Mtu akiingia kwa Milcah anatokea kwa Dzombo, akitoka kwa Dzombo anajikuta kwa Owen akilizwa na mapenzi. Nilikuwa nikipunguza matawi bustanini nikiona vijia vile machoni pangu, vyembamba, vimefagiliwa, vinatoka nyumba hadi nyumba kuvuka bahari, na watu nisiowajua wanatembea juu yake bila viatu, polepole, kama katika ndoto ya mchana.

Sasa nikueleze jambo moja la zamani ambalo mama yako huenda hakukuambia. Tulipokuwa vijana kule Shimba Hills, miaka ile baba alipopewa shamba la skimu ya serikali, mimi ndiye niliyekuwa mpiga filimbi wa mwethya. Bila filimbi mwethya haunogi. Niliimba, nilitembea mbele ya mstari, niliwatia watu moyo mpaka miti ikasikia haya kusimama tu. Siku moja mama yako, dada Kalondu, akaacha mstari wake, akaja, akaligeuza jembe langu na kulitazama. Akasema kwa sauti ya chini, mbele ya watu wote: "Muthoka, jembe lako halina udongo." Kisha akarudi kulima. Nilicheka kuliko wote siku ile.

Nakuambia hayo kwa sababu mwezi wa Agosti zamu ya Milcah ilifika tena. Alikuwa ameweka kisa kipya, jina lake "Safari ya Kaka". Mimi nikakaa mbele ya kioo kama kawaida yangu, nikatikisa kichwa, nikaguna mahali pa kuguna, nikasogeza ukurasa mpaka chini. Kisha nikamwambia Owen anichapie hivi katika kitabu cha wageni, na maneno nayakumbuka yote: Milcah, umenivunja mbavu. Nimecheka mpaka machozi. Tuletee nyingine kama hii. Owen aliniangalia mara mbili. Mwenyekiti hahojiwi. Akachapa.

Mumbe, "Safari ya Kaka" ilikuwa habari ya ndugu yake Milcah, aliyefia Mombasa wakati wa ile mvua kubwa ya mwaka juzi. Walikuwa wanampeleka kwao bara kumzika. Daraja likachukuliwa na maji mbele yao. Wakakaa barabarani siku tatu na jeneza, mvua juu, mto mbele, na siku ya tatu haikuwezekana tena kungoja. Ndivyo walivyomzika katika shamba la mama mmoja wasiyemjua hata jina.

Jumapili iliyofuata Milcah hakuja. Ya pili pia. Hotelini alipita njia ya jikoni ili asipite bustanini. Owen akatuambia kwamba alifika dukani siku ya kazi, akiwa na sare, akamwomba auondoe ukurasa wake wote, na soksi na kobe na kila kitu. Njia zetu zikawa zinaelekea mahali ambapo hapana nyumba. Mama wa Norwe akauliza katika kitabu changu, yule dada wa vitanda amekwenda wapi?

Jumapili ya tatu akaja. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake hata sikuuona uso wake vizuri, akaniuliza bila kupandisha sauti:

"Mjomba Muthoka, nionyeshe ulipocheka."

Nikamwambia ni mashine. Nikasema kompyuta ya Owen imechanganya vitabu, maneno yale yalikuwa ya kisa cha kobe yakaenda kulala nyumba isiyo yake, na kwamba jambo kama hilo liliwahi kumpata hata waziri mmoja huko Ulaya. Nilisema vizuri sana. Nilipomaliza, Owen alikuwa anatazama mikono yake. Ni duka lake, Mumbe, na mashine ndiyo jina lake hapa mjini. Hakunikanusha. Alizima mashine tu, akasema leo laini ya simu ni mbaya, na Jumapili iliyofuata tulikuta mlango umefungwa. Dzombo akaniambia njiani kwamba amefundisha miaka thelathini na mbili, na mtoto ambaye hakusoma humjua kwa namna anavyosifu kitabu.

Sasa nakuambia wewe ambaye ni damu yangu na unasomea kutunza siri za wagonjwa. Sikuwa nimesoma. Si kile tu. Tangu mwethya uanze sikuwa nimesoma ukurasa wa mtu yeyote hata mstari mmoja. Si kwa dharau. Macho yangu, mwanangu. Kitu cha mbali nakiona, nyoka katika mnazi namwona kabla hajajijua kuwa nyoka, lakini kitu cha karibu ni ukungu, na herufi za kioo kile ni mchwa wanaokimbia. Nami shule niliacha darasa la nne, hata macho yalipokuwa mazima nilisoma kwa kidole. Nani angemchagua mwenyekiti wa waandishi anayesoma kwa kidole? Kwa hiyo nilipuliza filimbi.

Nilikaa wiki nzima bila hamu ya chakula. Nilikuwa nikimwagilia maua yale mekundu nikikumbuka kwamba hakuna tena wa kuyaweka juu ya mto na kikaratasi. Nikamwendea Owen nyumbani kwake, nikamwomba msamaha wa mashine yake. Alikuwa na "Safari ya Kaka" katika karatasi, aliichapisha kabla ya kuiondoa kwa sababu alisema yeye hangeweza kuiua kabisa. Kurasa tano. Akanipa. Na macho nikayapatia dawa, kwa njia ambayo nitakueleza sasa hivi, usinikimbize.

Nilisoma siku ya mapumziko yangu, nyuma ya banda la vifaa, nimekaa juu ya ndoo, tangu baada ya chakula mpaka kengele ya chai ya wageni. Kidole changu kilitembea kila neno. Mumbe, kusoma polepole namna ile si kama kuambiwa. Nilitembea katika mvua ile hatua kwa hatua, sikuweza kuruka hata dimbwi moja. Nilifika kwa yule mama wa shambani, anatoka na gunia kichwani kujikinga mvua, anatazama jeneza, haulizi kabila wala dini, anasema: mlazeni hapo penye mahindi mafupi, mimi nitamfagilia. Na mwisho Milcah anasema kwamba mpaka leo, akitandika kitanda cha mgeni, analainisha shuka na kufikiri kuwa mahali fulani kuna mtu asiyemjua anamfagilia kaka yake. Hapo kidole kilisimama. Nilitazama maua, nikaona yamesimama kimya yote, kama watu waliovua kofia.

Jumapili Owen akafungua. Nilimwomba Dzombo amlete Milcah hata kwa kumvuta. Sikumpa mtu achape. Niliketi mimi, nikatafuta herufi moja moja, ikanichukua muda ambao Dzombo alisema angeweza kwenda kwa miguu mpaka Kinondo na kurudi. Niliandika kwamba siku ile sikusoma, na kwamba kosa halikuwa la mashine. Niliandika kwamba sasa nimesoma, na palipo­nishika ni penye mahindi mafupi. Ukurasa wa Milcah haukuwepo, kwa hiyo niliandika juu ya ukurasa wangu mwenyewe, juu kabisa, mbele ya ndovu wangu, mahali ambapo Norwe na Muscat wote wataona.

Milcah alisimama nyuma ya kiti changu akisoma. Ule msumari wa mbali uliendelea kugongwa. Kisha akasema: "Umekosea maneno manne. Lakini umesoma."

Hakusema amenisamehe, wala sikuuliza. Alimwambia Owen airudishe nyumba yake mahali pake. Siku hizi "Safari ya Kaka" imepita visa vyote vya soksi, watu wanaandika humo kutoka nchi ambazo hata Dzombo anazitafuta kwenye ramani, na mmoja ameandika tu kwamba naye ana ndugu aliyelala kwa watu. Mimi bado ni mwenyekiti, ila sasa nalima mstari wangu, na mimi ndiye wa mwisho kumaliza kila Jumapili. Wananingoja.

Haya. Miwani.

Katika wiki ile ya kukosa hamu nilipanda Shimba Hills kumsalimu mama yako. Alifurahi, akanichinjia kuku, akaenda kumtoa manyoya nyuma ya jiko. Biblia ilikuwa mezani, na miwani juu yake. Niliivaa nijaribu tu. Nikaona mistari, Mumbe. Nikaona nukta. Sikujua kama herufi zina ncha kali vile. Nilikusudia kuirudisha kabla ya chakula, halafu baada ya chakula, halafu nikawa niko ndani ya gari nashuka Kwale na miwani iko mfukoni. Mama yako alipotuma habari kwamba miwani imepotea na anashuku nyani, nilijibu upesi kwamba hata mimi nilimwona ukingoni mwa msitu, tena ameivaa. Nilidhani naweka kiraka. Kiraka kikawa kisa, na kisa kikapata wasomaji mia sita.

Hakuna nyani. Nyani ni mimi. Nimeivaa hata sasa ninapokuandikia, ile yenye mkono uliofungwa kwa uzi wako mwekundu na mnyororo wa shanga unaonigonga shavuni. Hotelini wananiita Bibi. Wahenga wamemsema nyani vya kutosha, sina la kuongeza.

Umeniandikia kwamba mama yako siku hizi katika ibada ya akina mama hukaa nyuma kimya, na mtu mwingine ndiye anayesoma Neno. Hapo ndipo ukumbi wote wa nchi kumi na nne ulipozima taa kichwani mwangu. Jumamosi ya tarehe ishirini nitaipeleka mimi mwenyewe, kwa mkono, na kisa cha nyani nitakiandikia mwisho wake wa kweli, Norwe wakipenda wasipende. Ombi langu kwako ni moja: mwandikie mama yako upesi barua initangulie kabla sijafika, umweleze kwa upole ule mnaofundishwa huko. Ndovu nimewapanga foleni, lakini dada Kalondu akinitazama bila kusema neno, mimi siwezi. Na kama huko hospitalini kuna mtu anayepima macho ya wazee, niulizie. Mzee ni mimi.

Milcah, Owen na Mwalimu Dzombo wanakusalimu ingawa hawakujui. Nimewaambia wewe ni daktari bingwa. Nisalimie wenzako wa bwenini, na usilale bila blanketi la pili. Mungu akuweke mpaka tuonane Krismasi.

Ni mimi mjomba wako, anayekuona vizuri kwa mara ya kwanza,

Muthoka